Ngano na Mwili Wangu: Historia ya Ugonjwa Uliokawia Kupata Jina

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipokuwa mtoto niliambiwa methali hii mara nyingi, na kila mara niliona kama ninasemwa mimi. Ukweli ni kwamba sikuficha chochote. Maradhi yangu ndiyo yaliyojificha, nami nilizunguka nayo kwa miaka mingi kutoka zahanati hadi hospitali bila mtu kuyataja kwa jina. Katika insha hii nitaeleza historia ya jina hilo, ambalo ni siliaki, na historia ya magonjwa mawili ya kinga ya mwili yaliyokaa nami pamoja nalo. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Sikusomea udaktari. Nilianza kuisoma historia hii kwa sababu nilitaka kujua ni nani waliougua kabla yangu, na ni nani waliowasikiliza.

Kwanza ni vizuri kueleza siliaki ni nini, maana wengi huidhania kuwa mzio. Si mzio. Ni hali ambayo kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana vinavyofyonza chakula. Mgonjwa wa siliaki akila mkate, vijidole hivyo hulika polepole mpaka ukuta wa utumbo unakuwa bapa. Chakula hupita bila kufyonzwa, mtu anakula akashiba, huku mwili ukibaki na njaa. Ndiyo maana mgonjwa hukonda, hupungukiwa damu, na mtoto huvimba tumbo huku mikono na miguu yake ikiwa kama vijiti.

Wa kwanza tunayemfahamu kuandika juu ya hali kama hii ni Aretaeus, tabibu kutoka Kapadokia, eneo ambalo leo liko Uturuki. Aliandika kwa Kigiriki, yapata karne ya 2 baada ya Kristo, juu ya wagonjwa ambao chakula hutoka bila kusagwa vizuri na ambao hudhoofika kwa muda mrefu. Jina alilotumia lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo, na ndilo lililozaa jina siliaki. Baada yake zilipita karne nyingi. Tarehe 5 Oktoba 1887, daktari Mwingereza Samuel Gee alitoa mhadhara katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, akaeleza ugonjwa huo kwa usahihi ambao madaktari bado wanausifu. Gee alisema kwamba kama mgonjwa anaweza kupona, basi atapona kwa chakula. Alisimulia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa baharini kila siku, akanawiri vizuri sana. Msimu wa kome ulipokwisha mtoto alirudi katika hali yake ya awali, na msimu uliofuata hakukubali tena kula chakula kile. Gee alikuwa ameufikia mlango, ila hakuuona ufunguo. Hakujua ni chakula kipi hasa kilicholeta madhara.

Sehemu ya historia iliyonigusa zaidi ni ile ya ndizi. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alichapisha habari za watoto wanane waliokuwa hatarini kufa, ambao walipata nafuu kwa kulishwa ndizi nyingi huku wakikatazwa mkate, viazi na nafaka zote. Kwa miongo kadhaa lishe ya ndizi ilikuwa tiba mashuhuri Marekani, na wazazi wengi walimshukuru daktari huyo. Lakini Haas alikosea sababu. Alidhani adui ni wanga, na kwamba ndizi ina uwezo wa pekee wa kutibu. Kwa hiyo mtoto aliyeonekana kupona aliruhusiwa kurudia mkate, na utumbo ukaanza kuharibika upya. Kwetu Uganda matoke ni chakula cha kila siku cha watu wengi. Niliposoma habari za Haas nilijiuliza ni watoto wangapi wa nchi yangu waliokingwa na matoke, viazi vitamu na muhogo bila wao wala mama zao kujua kwamba kulikuwa na kitu cha kukingwa nacho.

Aliyeupata ufunguo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyefanya kazi katika mji wa The Hague. Watu wengi husimulia kwamba aligundua siri hiyo wakati wa njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula kisifike magharibi mwa Uholanzi. Ni kweli kwamba njaa hiyo iliua watu wapatao 20,000, na kwamba watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Ni kweli pia kwamba watoto wenye siliaki hawakuzidiwa wakati mkate ulipoadimika, na kwamba mkate uliporudi ugonjwa nao ulirudi. Hata hivyo, Dicke alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Inasimuliwa kwamba chanzo cha shaka yake kilikuwa mama mmoja aliyeona kuwa mwanawe hupata nafuu kila anaponyimwa mkate. Njaa ilithibitisha yale ambayo mama huyo alikwisha kuyaona jikoni kwake. Mwaka 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Pamoja na wenzake Weijers na van de Kamer alipima mafuta katika kinyesi cha watoto, akaonyesha kwamba ngano na rai huleta madhara. Mwaka 1952 madaktari wa Birmingham, Uingereza, wakathibitisha kuwa tatizo liko kwenye gluteni, na kwamba wanga wa ngano hauna kosa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1954 daktari Paulley wa Uingereza alieleza uharibifu alioukuta katika utumbo wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Mwaka 1956 daktari Margot Shiner alionyesha jinsi ya kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mpira unaopitishwa mdomoni, bila kumpasua mgonjwa. Mwaka 1997 watafiti wa Ujerumani waligundua kwamba kingamwili za wagonjwa wa siliaki hulenga kimeng'enya cha mwili wenyewe, na hapo kikapatikana kipimo cha damu kinachotumika mpaka sasa. Kwa ufupi, tangu nizaliwe, kipimo cha ugonjwa wangu kilikuwepo duniani. Nilikipata nikiwa na miaka 17.

Kwa nini nilichelewa? Sababu moja ni kwamba ugonjwa huu uliitwa ugonjwa wa Wazungu. Sababu ya pili ni kwamba nchi yangu ina historia yake ya miili iliyokonda, na historia hiyo ina majibu yake tayari. Mtoto mwenye tumbo kubwa na mikono myembamba alijulikana Uganda kuwa na utapiamlo. Trowell, Davies na Dean, waliofanya kazi Kampala, waliandika kitabu kizima juu ya kwashiakoo mwaka 1954, na kazi hiyo iliokoa watoto wengi. Kisha miaka ya 1980 ulikuja ugonjwa ambao watu wetu waliuita Slim, kwa sababu uliwamaliza watu kwa wembamba. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika juu yake katika jarida la Lancet wakionyesha uhusiano wake na virusi ambavyo leo tunaviita virusi vya UKIMWI. Tangu hapo, kijana akikonda na kuharisha, jirani hahitaji kuambiwa kitu. Ameshajua.

Nami nilikonda na kuharisha. Nilipimwa minyoo, nikapewa dawa. Nilipimwa homa ya matumbo, nikapewa dawa. Nilipimwa virusi vya UKIMWI mara nne kabla ya kumaliza shule ya sekondari, na mara zote majibu yalikuwa kwamba sina. Mara ya nne mama hakuingia nami. Alikaa nje kwenye benchi, kwa sababu muuguzi wa siku hiyo alikuwa mtu wa kijijini kwetu, naye alijua kwamba majibu yoyote hayatabadilisha yale ambayo yangesemwa. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mwanangu, tuseme ni nini?" Swali hilo ndilo lililonifanya niipende historia ya majina ya magonjwa. Mtu asiye na jina la ugonjwa wake hana la kumjibu jirani.

Kuna jambo jingine lililozidi kuchanganya. Tangu nikiwa na miaka 9 nina kisukari cha aina ya kwanza, ambacho nacho ni matokeo ya kinga ya mwili kushambulia mwili, safari hii seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Shuleni sukari yangu ilikuwa ikishuka ghafla bila sababu inayoeleweka. Leo naielewa: nilijidunga insulini kwa ajili ya chakula ambacho utumbo wangu haukukifyonza. Matroni wetu, mama mwenye huruma sana, aliweka pakiti ya biskuti katika saraka yake kwa ajili yangu. Kila nilipotetemeka alinipa mbili. Biskuti zilipandisha sukari, na ngano iliyokuwa ndani yake iliendelea kuula utumbo. Hakuna aliyekosea. Tiba ya ugonjwa mmoja ilikuwa sumu ya ugonjwa mwingine, na sote wawili hatukuujua ule wa pili.

Aliyefungua njia alikuwa daktari aliyeangalia daftari langu la kisukari kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Binti yangu, hebu nieleze unakula nini tangu asubuhi mpaka usiku." Sikuwahi kuulizwa swali hilo kwa namna hiyo. Alinieleza kwamba siliaki na kisukari cha aina ya kwanza hushirikiana jeni, hasa zile zinazoitwa DQ2 na DQ8, ingawa wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa mmoja anastahili kupimwa ule mwingine. Damu yangu ilipelekwa nje ya nchi. Majibu yaliporudi nilipitishiwa mpira wenye kamera, na utumbo ukaonekana bapa.

Baadaye nilisoma kwamba lile wazo la ugonjwa wa Wazungu lilikuwa limeshavunjwa mwaka 1999, tena na Waafrika. Watafiti waliwapima watoto wa Kisahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi waliopiga kambi nchini Algeria, wakakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana siliaki. Duniani kwa jumla inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 katika 100. Wasahrawi ni watu ambao zamani waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia, na ambao sasa kambini hutegemea msaada wa chakula, unga wa ngano ukiwemo. Kwetu pia ngano si chakula cha asili. Chapati tuliipata kwa Wahindi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli na baada yake. Leo chapati iliyoviringwa na mayai, ambayo Kampala tunaiita rolex, ndiyo chakula cha mwanafunzi asiye na hela nyingi. Aidha, mwaka 1998 katika mashamba ya utafiti ya Kalengyere, huko kwetu, kulionekana aina mpya ya kutu ya ngano ambayo dunia iliipa jina Ug99, kwa heshima au kwa fedheha ya Uganda. Wanasayansi wa nchi nyingi walihangaika ili ngano isiugue. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktabani.

Nilipoacha ngano niliongezeka kilo 8 katika mwaka mmoja. Mama alinipeleka kanisani nikiwa nimevaa gauni jipya ili watu waone. Lakini hadithi haikuishia hapo. Nilianza kupata vipindi ambavyo uso uliwaka moto, mwili ulijaa vipele vya kuwasha, tumbo lilisokota na mara mbili nilizimia. Wengine walidhani nakula ngano kwa siri. Hapa historia inanirudisha kwa mtu mwingine. Mwaka 1878, katika Chuo Kikuu cha Leipzig, kijana wa miaka 24 aitwaye Paul Ehrlich aliandika tasnifu juu ya rangi zinazotumika kupaka seli ili zionekane kwa hadubini. Aliona seli zilizojaa chembechembe, akadhani zimenenepa kwa chakula, akazipa jina kutokana na neno la Kijerumani linalohusu kunenepesha mifugo. Tunaziita seli za masti. Mwaka 1887, mwaka uleule wa mhadhara wa Gee, daktari Unna wa Ujerumani alizikuta kwa wingi katika ngozi ya wagonjwa wenye mabaka ya kuwasha. Mwaka 1953 Riley na West, huko Dundee, Uskochi, walionyesha kwamba zile chembechembe si chakula: zina histamini, kemikali inayovimbisha, kuwasha na kushusha shinikizo la damu.

Ehrlich huyohuyo, mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza kwamba mwili una hofu ya kujitia sumu na hivyo una njia za kuzuia jambo hilo. Kwa miaka mingi wengi walielewa maneno yake kuwa mwili hauwezi kujishambulia. Mwaka 1912 Hakaru Hashimoto wa Japani alieleza ugonjwa wa tezi ya shingo unaobeba jina lake, lakini ilikuwa mpaka 1956 ndipo Roitt, Doniach na Campbell wa London walipoonyesha kwamba wagonjwa hao wana kingamwili dhidi ya tezi yao wenyewe. Kwa hiyo nina deni kwa Ehrlich na pia nina ugomvi naye. Aliziona seli zinazonisumbua, na fikra zake zilitumiwa kukataa uwezekano wa magonjwa yangu mengine mawili.

Ugonjwa wa seli za masti kuamka ovyo ni mgeni katika vitabu. Vigezo vya kuutambua vilichapishwa na wataalamu mwaka 2012: dalili zinazokuja kwa vipindi katika zaidi ya sehemu moja ya mwili, kupanda kwa kimeng'enya kiitwacho triptasi katika damu wakati wa kipindi, na nafuu kwa dawa za kuzuia seli hizo au histamini. Ugonjwa huu si sawa na siliaki wala kisukari. Katika yale mawili askari anampiga mwenye nyumba. Katika huu askari anapiga king'ora hata pasipo mwizi. Ilibidi nitolewe damu saa chache baada ya kuzimia ndipo triptasi ionekane imepanda.

Kuishi na vitatu hivi ni kazi ya kupatanisha wageni wasioelewana. Siliaki ilinirudisha kwa chakula cha Kaaka, yaani bibi yangu: viazi, maharage, ulezi na mtama. Alifurahi sana, akasema hospitali imemaliza pesa zetu ili kutuambia tule alichokuwa akipika siku zote. Lakini obushera, uji wake wa mtama uliochachushwa, ndio ulioniletea kipindi kibaya kuliko vyote, kwa sababu vyakula vilivyochachuka huweza kuwa na histamini nyingi. Siku niliyomwambia siwezi kuunywa tena, alikaa kimya akaendelea kukoroga. Sasa hunipikia usiochachushwa, katika chungu changu, na nikiwa mbali hunikumbusha kwa simu nisinunue unga kwenye mashine inayosaga pia ngano.

Hata altareni mambo ni hayohayo. Vatikani ilieleza mwaka 2003, na kukumbusha tena mwaka 2017, kwamba hostia isiyo na gluteni hata kidogo haifai kwa Ekaristi, lakini mgonjwa anaweza kupokea divai pekee. Divai nayo huamsha seli zangu. Padri wetu alipoelewa, aliomba ruhusa ya askofu ili nitumie maji ya zabibu ambayo hayajachachuka sawasawa, na huniwekea kalisi ndogo ya pembeni, kwa sababu katika kalisi kubwa hudondoshwa kipande cha hostia. Napokea tone. Mwanzoni watu waligeuza shingo kunitazama. Sasa wamezoea.

Nikiitazama historia hii yote, naona kwamba vyombo vilisaidia sana, lakini kila hatua kubwa ilianza kwa mtu kuuliza swali dogo na kusubiri jibu. Dicke alimsikiliza mama. Daktari wangu aliniuliza nimekula nini. Waliokosea, kama Haas, hawakukosa huruma. Waliridhika mapema na maelezo yao. Kwetu Afrika Mashariki, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza apimwe siliaki, na kijana aliyekonda ambaye amepimwa yale tunayoyajua akaonekana hana, asirudishwe nyumbani na fununu.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi yetu. Nikimwambia muuza chakula kwamba sili ngano, mara nyingi hunijibu, "Hii si ngano dada, ni chapati." Hadanganyi, hajaelezwa. Ndiyo maana nimeandika kadi ya Kiswahili ambayo hukaa katika mkoba wangu pamoja na sindano ya adrenalini. Imeandikwa hivi: "Nina kisukari. Nikitetemeka nipe soda au sukari, usinipe biskuti wala mkate. Nina siliaki, ngano hunidhuru hata kidogo tu. Nikivimba uso au nikizimia, nichome sindano hii pajani, kisha nipeleke hospitali." Niliichapa nakala tatu. Moja ninayo, moja anayo mwenzangu wa chumbani, na ya tatu mama ameibandika ukutani sebuleni, mahali ambapo kila jirani anayeingia ataisoma.